Shoka la Kisongye kwenye meza ya Ulaya: nani anakula faida?

Wauzaji wa vitu vya kale hapa Lubumbashi wana ubishi usioisha. Shoka linatoka kijijini, linapita kwa dalali, linafika Bruxelles, na bei yake ya huko ikisikika hapa, aliyeliuza kwanza anashika kichwa. Kwa hiyo wako wanaosema: tumechoka kula makombo, twende wenyewe tukakodi meza kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa silaha za kale. Wengine wanawajibu kwamba mwenye meza ndiye anayechoka kuliko wote na kurudi na kidogo. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili, ingawa sababu yao siyo yangu.

Wao wanalalamikia gharama, na hawakosei. Kuna viza, ambayo kwa Mkongomani ni mlima peke yake, kuna tiketi, malazi, kodi ya meza. Halafu kuna mwendo wa maonyesho yenyewe, ambao mgeni haujui. Biashara nono hufanyika kabla mlango haujafunguliwa kwa umma. Wenye meza wenyewe wanapitiana wakati wa kupanga bidhaa, tochi mkononi, na kilicho kizuri kinabadilisha mmiliki hapohapo. Umma ukiingia, wengi wanakuja kushikashika. Mmoja anakueleza nusu saa kwamba analo kama hilo nyumbani, tena zuri zaidi. Mwingine anataja nusu ya bei, anaondoka akisema atarudi, na harudi. Na ukikosea ukumbi, umekwisha: yale maonyesho makubwa ya Tulsa kule Oklahoma yana meza elfu kadhaa, lakini wanaokwenda pale wanafuata bunduki. Shoka la Kiluba katikati ya bunduki aina ya Winchester litaulizwa bei na watoto tu.

Lakini tuseme umepata ukumbi unaofaa, na mnunuzi wa kweli amesimama mbele yako. Mbele yake kuna shoka la Kisongye, lile la Wazapozapu, kundi mojawapo la Wasongye wa huku Kongo: ubapa wa chuma uliofuliwa kwa matundu, vichwa vidogo vya watu vikitokeza kati ya fito zake, mpini umevishwa bati la shaba. Utadhani ataanza na vile vichwa. Anageuza mpini kwanza, anatafuta mahali bati lilipokutana na kupigiliwa, kisha anaangalia pale mkono unaposhika. Kama mpini unang'aa sawasawa kutoka juu hadi chini, anajua umesuguliwa makusudi. Halafu ananusa. Moshi wa miaka mingi una harufu yake, na siraje ya viatu ina yake. Akiridhika, ndipo anauliza swali moja: limetoka kwa nani, na lini?

Hapo ndipo mtu wetu anapokwama. Dalali hakuandika kitu, na muuzaji wetu mwenyewe, alipolinunua, hakuuliza. Bila jibu, bei inashuka, na kwa mnunuzi makini inakufa kabisa, kwa sababu tangu mwisho wa 2020 Umoja wa Ulaya unakataza kuingiza mali ya utamaduni iliyotolewa nchini kwake kinyume cha sheria. Sheria yetu ya 1971 nayo inadai kibali kabla mali hiyo haijavuka mpaka. Kisu cha Wamangbetu, watu wa kaskazini-mashariki ya Kongo, chenye mpini wa pembe ya ndovu kina balaa lake zaidi, maana Ulaya imekaza biashara ya pembe tangu 2022. Na kama unauza gobore, usidhani kutu ya bunduki ya kale ni cheti cha kupitia uwanja wa ndege.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Desemba 1884, watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekuwa Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, walimuua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Sanamu ya Lusinga waliyoipora iko hadi leo Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika kule Ubelgiji, na kila mtaalamu anajua ilitoka kwa nani na mwaka gani. Mporaji aliandika. Sisi tunaouziwa kitu mchana kweupe na mwenye mali yake, hatuandiki hata jina la kijiji.

Wanaotaka kwenda wana hoja moja nzito ambayo huwa hawaitumii. Wenye meza wazoefu wengi hawaishi kwa kuuza, wanaishi kwa kununua. Meza ni mtego. Anakuja mjukuu wa Mbelgiji aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa ukoloni, amebeba kisu kwenye mfuko wa plastiki, anataka kujua ni nini, na anauliza meza iliyo karibu. Faida ya mwaka inaweza kuwa ndani ya ule mfuko. Ila ili kuichukua unahitaji feza taslimu mfukoni, na mtu aliyemaliza akiba yake kwa tiketi hana.

Njia nyingine inazungumziwa kidogo mno. Atlanta, Marekani, kuna maonyesho ya visu, Blade Show, yaliyoanzishwa 1982, na mafundi wanauza visu vipya vyenye majina yao. Mji huu una mafundi wa shaba wa kujivunia. Shoka jipya linalokubali kuwa jipya halimdanganyi mtu na halidai kuthibitisha umri. Wale wakusanyaji ni wakali, watapima makali na umaliziaji bila huruma, na hawatalipa bei ya shoka la kale. Hata hivyo, ningeanza hapo.

Anayeng'ang'ania vya kale aende mara ya kwanza kama mtazamaji, kwa bei ya kiingilio, ajifunze bei. Na huku nyumbani anunue daftari: jina la mwenye kitu, kijiji, tarehe, picha yake akiwa amekishika. Kitu cha uchifu kibaki kwa chifu. Na mwenye kitu akikataa kuandikwa, mimi ningekirudisha mkononi mwake.