Kiwanja chembamba: anza na korido

Pembezoni mwa Arusha na Moshi viwanja vya upana wa mita 10 si vigeni tena. Kilimanjaro, kihamba (shamba la ukoo) kikigawanywa kwa vijana wa nyumba, kila mmoja hupata ukanda mrefu unaoanzia njiani. Arusha, shamba likikatwa na kuuzwa kwa hatua, mwenye shamba hutaka kila kipande kiguse barabara, na matokeo yanakuwa yale yale. Mnunuzi naye huchukua ramani aliyoiona kwenye simu, iliyochorwa kwa kiwanja cha mita 20 kwa 25, kisha humwambia fundi aibane. Hapo ndipo nyumba inapoharibika, kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa.

Tufanye hesabu. Kiwanja ni mita 10 kwa 30. Acha mita 1.5 kila upande (umbali unaotakiwa eneo lako utaupata ofisi ya mipango miji ya halmashauri, na uulize kabla ya kuchora). Inabaki nyumba ya mita 7 nje kwa nje. Ukuta wa tofali za inchi 6 ukishapigwa plasta pande zote unakaribia sentimita 18, kwa hiyo ndani una mita 6.64. Ukiweka korido ya mita 1.2 katikati, yenyewe na kuta zake mbili zinakula mita 1.56, na vyumba vya kila upande vinapata upana wa mita 2.54. Kitanda cha tano kwa sita pamoja na ubao wa kichwani kinafika karibu mita 2. Mbele yake zinabaki sentimita 54, wakati kabati la nguo peke yake lina kina cha sentimita 60. Umejenga vyumba vinne na hakuna hata kimoja kinachokaa watu wawili kwa raha.

Korido ihamishwe pembeni. Ipunguze iwe mita 1.1, upande mmoja uweke vyumba vya kulala vya upana wa mita 3.4, upande wa pili ubaki ukanda wa mita 1.78 wa vyoo, bafu na stoo. Choo na bafu havihitaji upana zaidi ya huo. Faida nyingine ni kwamba maji yote ya nyumba yanakaa upande mmoja, na bomba la maji taka linapita mstari mmoja nje ya ukuta.

Kutoka mbele, nyumba inakwenda hivi. Sebule inachukua upana wote, mita 6.64 kwa 4.6, kwa sababu huku Desemba ndugu wote wanarudi nyumbani na watakaa hapo. Bila ukuta wa kuitenga, inafuata sehemu ya kulia chakula, mita 4.68 kwa 3, na pembeni yake jiko la mita 1.78 kwa 3 lenye mlango wa kutokea kwenye uchochoro, yaani ile mita 1.5 iliyoachwa pembeni. Korido inaanzia baada ya hapo. Vyumba viwili vya watoto ni mita 3.4 kwa 3 kila kimoja. Mwisho kabisa ni masta (chumba kikuu cha kulala), mita 4.68 kwa 3.6, dirisha lake likitazama nyuma na choo chake kikiwa kwenye ule ukanda wa mita 1.78. Pamoja na kuta, urefu ni mita 18.1. Ukiacha mita 5.5 mbele kwa ajili ya gari, nyuma unabakiwa na mita 6.4 za kuanika nguo na kupikia shughuli kubwa.

Mkabala na vyumba vya watoto, ukanda wa maji una urefu wa mita 6.18. Usiujaze wote. Weka choo na bafu vya mita 2.2, stoo ya mita 2, na katikati yake acha uwazi wa mita 1.6 usioezekwa, unaofunguka kwenye uchochoro. Dirisha la korido litazame hapo, na la choo pia. Wenye nyumba wengi wakiona uwazi huo kwenye ramani huuita hasara na kuugeuza stoo ya pili. Nawasihi msifanye hivyo. Bila huo, korido inawashiwa taa saa sita mchana kwa maisha yote ya nyumba.

Madirisha ya pembeni yana adui mwingine, fensi. Sakafu ikiinuka sentimita 15 tu na lenta (boriti ya juu ya dirisha) ikakaa mita 2.1 kutoka sakafuni, dirisha linazidi fensi ya mita 2.1 kwa sentimita 15. Inua sakafu hadi sentimita 60, pandisha lenta hadi mita 2.4, na sasa sentimita 90 za dirisha zinaona anga. Hiyo ni gharama ya kozi chache za tofali.

Kama kiwanja kinaelekea kaskazini na kusini, kuta ndefu zinapigwa na jua la asubuhi upande mmoja na la jioni upande mwingine. Moshi, vyumba vya kulala viwe mashariki. Jua la jioni la Januari na Februari liache lipige ukuta wa vyoo. Arusha mimi ningegeuza, kwa sababu Juni hadi Agosti chumba kilichopata jua la jioni ni neema.

Maji taka yafikirie siku hiyo hiyo unayochora. Bomba la inchi 4 lipewe mteremko wa sentimita 1 kila sentimita 40, yaani mita 20 zinashuka nusu mita. Weka chemba (kisima kidogo cha kukagulia bomba) kila bomba linapokata kona au kupokea tawi. Shimo la maji taka likiwa mbele, gari la kunyonya linalifikia bila shida, ila mfuniko uwe wa zege la nondo linalobeba gari. Lakini miji hii yote miwili iko kusini mwa mlima wake, Arusha wa Meru na Moshi wa Kilimanjaro, na ardhi kwa kawaida inashuka kuelekea kusini. Barabara ikiwa upande wa juu, huwezi kuyapandisha maji, hivyo shimo litakaa nyuma, na uchochoro usizibwe na kibanda ili mpira wa gari upite.

Uchochoro huo huo unapokea mvua. Kila mteremko wa paa hili ni karibu mita za mraba 79. Mvua ya milimita 50 inamwaga karibu lita 4,000 kila upande. Funga gata, na sakafia uchochoro kwa mteremko unaotoka kwenye msingi wako bila kumwagia jirani.

Kabla ya kuchimba, pima upana wa kiwanja mbele, katikati na nyuma, kisha chora kwa kipimo kidogo kuliko vyote, maana viwanja vya hatua mara nyingi hubana nyuma. Mwambie fundi kwa maandishi kwamba tofali za kuta zinasimamishwa. Akizilaza, kila ukuta unanenepa kwa sentimita 8, na kwa kuta nne zinazokata upana umepoteza sentimita 32, ambazo atazitoa kwenye vyumba. Akishaseti msingi, vuta kamba mbili kimshazari, kila moja kutoka kona hadi kona ya mkabala: zote mbili zisome mita 19.41. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, vigingi vihamishwe siku hiyo hiyo, kabla ya jembe la kwanza.