Kabla Hujashusha Ulinzi wa Kivinjari

Tovuti ikigoma kufunguka, ushauri wa kwanza kutoka kwa fundi huwa ni huu: shusha ulinzi wa kivinjari, ule unaozuia vifuatiliaji, kisha jaribu tena. Na kweli ukurasa unafunguka, mtu anashukuru, kila mmoja anaendelea na yake. Ugumu wa kuupinga ushauri huu ni kwamba unafanya kazi.

Wanaoutoa nisiwadhulumu. Mtu mwenye fomu inayofungwa saa sita usiku hataki somo la vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari. Anabofya "Tuma", kitufe kinabonyea, kimya. Hata ujumbe wa kosa hakuna. Kivinjari cha Firefox chenyewe, ukichagua kiwango cha ulinzi mkali, hukuonya kwamba baadhi ya tovuti huenda zisifanye kazi sawasawa. Kwa hiyo, wanasema, aliyekiwasha amejitakia.

Sawa, ila tukitazame kile kitufe kwa karibu. Fungua zana za wasanidi kwa F12, bofya tena, na mara nyingi utaona mstari mwekundu: skripti (programu fupi ndani ya ukurasa) ya kufuatilia wageni imezuiwa, na msimbo wa fomu uliandikwa uisubiri ndipo utume. Kivinjari hakikuigusa fomu. Aliyeijenga ndiye aliyefunga kazi yako kwenye mkia wa kifuatiliaji. Na dawa yake ni ndogo: bofya alama ya ngao kando ya anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake, pakia upya. Ukishindwa, jaribu dirisha fiche, ambamo kwa kawaida viendelezi vingi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi. Tovuti ikifunguka humo, mshuku kiendelezi au kidakuzi cha zamani. Hakuna hatua hata moja hapo inayodai kushusha ulinzi wote.

Kizuizi cha cheti, ile hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa, ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huyaweka kapu moja. Hapo kivinjari kinaukataa ukurasa mzima, na mipangilio mara nyingi haihusiki. Angalia saa kwanza. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta huweza kuamka ikidhani ni Januari ya miaka mingi iliyopita, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sahihi, mtazame mwenye tovuti. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, hudumu siku 90, na asiyepanga vijihuishe vyenyewe ataumbuka. Kikomo cha muda wa vyeti vya umma, yaani vinavyoaminiwa na vivinjari vya kila mtu, kilichokuwa siku 398 tangu 2020, kimepangwa kushuka hadi siku 47 mwaka 2029. Wasahaulifu wataonekana mara nyingi zaidi, na kivinjari ndicho kitakacholaumiwa.

Kuna takwimu moja ambayo siachi kuirudia. Mwaka 2013 Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt walichapisha utafiti uliopima maonyo zaidi ya milioni 25 katika Chrome na Firefox. Kwa maonyo ya cheti, watumiaji wa Chrome waliyapuuza na kupita mara 70.2 kati ya 100. Wa Firefox, mara 33. Sehemu ya tofauti hiyo ina maelezo mepesi: Firefox ya wakati ule ilidai mibofyo mingi zaidi, na ilikumbuka ruhusa uliyokwisha kutoa, hivyo onyo lilelile halikurudi kuhesabiwa. Kinachonikera ni upande mwingine wa utafiti huohuo. Kwa maonyo ya programu hasidi na kurasa za ulaghai, waliopita walikuwa chini ya robo. Kwa hiyo watu husoma, na huogopa pia. Cheti ndicho walichozoea kukidharau, na sidhani walizaliwa nayo dharau hiyo. Kila cheti halali kilichoachwa kikaisha muda, na kila fundi aliyesema "we bonyeza endelea tu", viliwafundisha.

Ndiyo maana tovuti nyingine huviagiza vivinjari, kwa kanuni iitwayo HSTS, visitoe kabisa nafasi ya kuendelea cheti kikiwa na kasoro. Hapo ndipo watu husaka ujanja mitandaoni, bila kujua kwamba mwenye tovuti mwenyewe ndiye aliyeomba mlango ufungwe hivyo.

Kwa upande wangu nina jambo la kukubali. Kiwango kikali si cha kila mtu. Asiyejua ile ngao iko wapi atachoka, atazima vyote, au atahamia kivinjari kisichomuuliza chochote. Huyo namwachia kiwango cha kawaida bila kinyongo. Tangu Juni 2022 Firefox ilianza kutenga vidakuzi vya kila tovuti hata katika kiwango hicho.

Ila aliyechagua ukali kwa kujua asiambiwe ameharibu kompyuta yake. Anakili msimbo ulio kwenye onyo, kwa mfano ERR_CERT_DATE_INVALID, aupeleke kwa mwenye tovuti pamoja na anwani ya ukurasa. Saa ya kompyuta ikiwa sawa, huko ndiko cheti kinakohuishwa.