Aliyepika akisema "sijui" mi napumua

Mwaka wa saba huu tangu niambiwe nina ugonjwa wa siliaki, na miaka yote hiyo neno nililolipenda kuliko yote kutoka kwa mtu aliyesimama jikoni ni "sijui". Akisema hajui kilichomo kwenye sufuria basi tunaenda pamoja kuangalia pakiti, au naacha, nakula nilichobeba kwenye begi na stori zinaendelea. Wanaoniumiza ni wale wenye uhakika, yaani wale wa "usijali haina shida", wa "humu hamna ngano kabisa", na wale wa "kidogo tu jamani haitakufanya kitu". Na wengi wao wananipenda kweli, ndo maana inakuwa ngumu.

Shangazi yangu ndo alinifundisha hilo bila kukusudia. Mwaka wa kwanza kabisa nilienda kwake akapika wali na nyama ya mchuzi mzito, nikamuuliza shangazi humu hakuna unga? Akaniambia mwanangu hii ni nyama na nyanya tu, kula. Nikala nikashiba. Saa nane usiku nipo chooni nimeshika ukuta jasho linanitoka, na siku tatu zilizofuata kichwa kilikuwa kizito hata kusoma meseji ilinishinda. Baadae tunaongea ndo akakumbuka kile kijiko kimoja cha unga wa ngano alichokorogea kwenye maji baridi ili mchuzi ushikane. Hakunidanganya. Kwake ule haukuwa unga, ulikuwa namna ya kumalizia mchuzi tu, na kijiko kimoja kwenye sufuria ya watu kumi nani angekihesabu.

Kwa ambao hamjawahi kuusikia huu ugonjwa, sio aleji na sio tumbo kukataa chakula. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Ikikutana na gluteni, ile protini iliyopo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano), inageuka na kuupiga utumbo mwembamba. Mle ndani ya utumbo kuna vijinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, sasa vile vinachakaa na kulala mpaka utumbo unakuwa kama zulia la manyoya lililokanyagwa likaisha. Unakula, unashiba, lakini mwili haupati kitu. Mimi kabla ya hapo nilitibiwa upungufu wa damu miaka na miaka, nameza vidonge vya madini ya chuma mpaka ulimi una ladha ya msumari, damu inapanda kidogo alafu inashuka tena, na hakuna aliyejiuliza hiki chuma kinachoingia kinaenda wapi. Sikuwa naharisha, ndo maana hakuna aliyelifikiria tumbo. Wengine unawatokea kwa upele wenye malengelenge unaowasha viwikoni na magotini, wengine mifupa inakuwa dhaifu, wengine mimba zinatoka, na mtoto unaweza kukuta hakui tu, anabaki vilevile wenzake wanampita.

Na nisisahau hili kwasababu nimeona watu wengi wanakosea hapa: ukihisi unao USIACHE ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta antibodi, yaani silaha ambazo kinga ya mwili inazitengeneza, alafu kwa watu wazima mara nyingi wanashusha kamera tumboni wachukue vipande vidogo vya utumbo waviangalie, na vyote viwili vinahitaji uwe bado unakula gluteni. Ukiacha, antibodi zinashuka, utumbo unaanza kupona, unapimwa unaambiwa huna kitu. Kuna rafiki yangu aliacha mkate kwa ushauri wa mtu wa mtandaoni, akapata nafuu, mpaka leo hajui kama anao au hana na kurudia kula ngano wiki kadhaa ili apimwe upya hawezi, anaogopa, na namuelewa.

Eti ni ugonjwa wa Wazungu. Hii nayo nimeambiwa na watu wenye uhakika, mmoja alikuwa amevaa koti jeupe. Kwa dunia nzima inakadiriwa ni karibu mtu 1 kati ya 100, wengi wao hawajajua, na moja ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa ni cha watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1999 waliokutwa nao walikuwa zaidi ya 5 kati ya kila 100. Hiyo ni Afrika. Ugonjwa unafuata vinasaba na ngano, rangi ya mtu hauiangalii. Na kama kwenye familia yupo mmoja, basi mzazi wake, mtoto wake au ndugu yake wa tumbo moja uwezekano wao unafika karibu 1 kati ya 10, kwahiyo nilivyojua tu nikampeleka binti yangu akapimwe, tukakuta hana, ila tutarudia.

Historia yake yenyewe ndo inanifanya niamini hiki ninachokisema. Mwaka 1924 kule Marekani daktari mmoja wa watoto, Sidney Haas, aliwalisha watoto wenye ugonjwa huu ndizi, mkate akauondoa, wakanenepa, waliokuwa wanakaribia kufa wakasimama. Akawa na uhakika kuwa ndizi ndo dawa. Sasa si mtoto ameshapona, basi anarudishwa kwenye chakula cha kawaida, mkate nao unarudi, na wengine wakaugua upya. Kumbe ilikuwa ule mkate uliotoka, ndizi ilikuwa imekaa tu kwenye nafasi yake. Aliyekuja kuligundua hilo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alikuwa ameshaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kwenye ile baridi ya njaa ya 1944 kwenda 1945, wakati wa vita, Waholanzi walikosa hata mkate, na wakati kila mtu anadhoofika watoto wake wenye siliaki walikuwa na nafuu, mkate uliporudi nao wakarudi kuumwa. Hakukimbilia kutangaza. Alikaa akapima, akawapa ngano akawanyima, akawapa tena akaangalia, na mwaka 1950 ndo akaandika tasnifu yake. Mi nadhani kama asingekuwa mtu wa kukubali kwamba bado hajui, mpaka leo tungekuwa tunaandikiwa ndizi.

Turudi kwenye "kidogo tu". Naomba nieleze kwa hesabu kwasababu maneno huwa hayaingii. Slaisi moja ya mkate wa ngano ina gluteni gramu 2 hivi au zaidi. Kuna utafiti uliwapa wagonjwa wa siliaki milligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu na utumbo ukaonyesha kuumia. Milligramu 50 ni kama ukate hiyo slaisi vipande arobaini ule kimoja. Hiyo ni chembe. Ndo maana kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi milligramu 20 kwa kilo, na ndo maana ukiniambia nitoe tu zile kruton, vile vipande vya mkate mkavu, juu ya saladi nitakuangalia nikose cha kusema. Na kuna siku chembe inapita wala siumwi, hapo ndo hatari kabisa maana ndani inaharibu na mi nimekaa najiona nimepona.

Moto hauiui gluteni. Sio mdudu. Mafuta yaliyokaangiwa kitu cha unga, viazi vyangu vikiingia humo vimeshaharibika hata mafuta yawe yanatoa moshi. Nyumbani kwangu wengine wanakula mkate kama kawaida, sikutaka kuwanyima, na kitu kilichonihangaisha kuliko vyote kilikuwa kisu cha siagi. Unakuta mtu anapaka siagi kwenye mkate wake, anarudisha kisu kwenye kopo, anachukua tena, na ukiliinamisha lile kopo kwenye mwanga unaziona zile chembe za kahawia zimenasa pembeni kwenye siagi, tatu, nne, nyingine imezama nusu. Nilikuwa nazitoa na ncha ya kijiko. Miezi mitano nzima nakula kwa uangalifu mkubwa na antibodi kwenye vipimo hazishuki, kumbe ni lile kopo. Saivi makopo ni mawili na langu lina utepe mwekundu, chujio la tambi ni langu peke yangu, mwiko wa mbao ni wangu, tosta siigusi. Sahani na sufuria za chuma tunachangia, sabuni na maji vinatosha, hofu isipitilize.

Vyakula vyenyewe kusema ukweli sio shida kubwa kama watu wanavyodhani. Wali, mahindi, viazi, mihogo, mtama, ulezi, maharage, mayai, samaki, nyama, matunda, vyote hivyo asili yake havina gluteni. Shida ni mkono uliovipitia. Soseji inawekewa unga ili ijae, viungo vya pakiti vina ngano ndani, bia ni shayiri, chochote kilichoandikwa kimea mara nyingi ni shayiri, oti yenyewe wengi wetu tunaiweza ila nyingi imesagwa au imesafirishwa pamoja na ngano, na lebo ikisema "haina ngano" bado inaweza kuwa na shayiri au rai. Vile vya dukani vilivyoandikwa havina gluteni vinasaidia, ila ni ghali na vingi vimejaa sukari na wanga mtupu, mi nanunua mkate tu na tambi, basi.

Nilialikwa kwenye sherehe ya kazini mwaka juzi, chakula kinapikwa palepale. Nikaenda nyuma jikoni mapema watu hawajaja wengi, nikamkuta mpishi kijana tu anakoroga wali uliokaangwa na mboga. Nikamueleza kwa kifupi, nikamuuliza huu wali una nini. Akaacha kukoroga. Akafikiri, akanambia, "Dada, mchele na mboga na mayai najua, ila hii sosi sijui wanaitengenezaje, ngoja." Akainama chini ya meza akatoa chupa ya soya sosi imejaa mafuta, akaifuta na aproni yake tukasoma wote, kidole chake kinafuata maneno: maji, soya, ngano, chumvi. Akakishika kidole pale pale kwenye ngano. "Mi naipika hii kila siku," akasema, "sijawahi kusoma." Akaosha kikaango kipya na sabuni, akanikaangia mayai na mboga kwa chumvi tu na mafuta kutoka kwenye dumu lililokuwa halijafunguliwa. Nilikula nimekaa na watu, nacheka kama wengine, sio yule wa pembeni na kontena lake la plastiki. Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Hata kanisani ilikuwa hivyo. Mimi ni Mkatoliki na hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni ngano, na kanisa kwenye barua ya Vatikani ya mwaka 2017 lilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo sana inafaa. Na kanisa linamruhusu pia mtu akomunike kwa divai peke yake. Nilipomfuata padri akaniambia hili silijui vizuri, nipe wiki niulize. Akarudi na jibu, na akaongeza kitu ambacho hata mi nilikuwa sijakifikiria, kwamba kwenye kikombe chake huwa anadondosha kipande cha hostia kwahiyo mimi nitahitaji kikombe changu pembeni.

Wale wanaosema hawali gluteni alafu dessert ikija wanasema leo nijiachie, sina ugomvi nao, kila mtu na mwili wake. Ila wajue tu kwamba mpishi aliyewaona siku hiyo, kesho nikija mimi anachukulia tunafanana. Wangesema tu "napunguza", ingetusaidia sana.

Mwezi ujao naenda tena kwa shangazi. Jana kanipigia, shikamoo marahaba, akasema nataka nikusomee vitu vyote uniambie. Akasimama mbele ya kabati lake la jikoni nasikia makopo yanagongana, anasoma moja moja kwa sauti, miwani ikimteleza anarudia, chumvi, binzari, tui, nyanya ya kopo, nami namwambia sawa, sawa, hiyo weka pembeni. Akafika kwenye moja akanyamaza.

"Hili la viungo sijui mwanangu, lebo imechanika."

Nikamwambia basi liache shangazi, tutatumia tangawizi na vitunguu saumu, ntakuja mapema nikusaidie kumenya.