Nani amchague gavana wa jimbo Kongo?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwananchi hampigii kura gavana wake. Katiba ya 2006 imelikabidhi bunge la jimbo kazi hiyo. Kinshasa, jiji ambalo kisheria nalo ni jimbo, bunge lake lina viti 48: wabunge 44 wanatokana na kura za wananchi, na 4 ni machifu wa kimila. Kwa hesabu hiyo, kura 25 zinatosha kumkabidhi mtu jiji la watu zaidi ya milioni 10. Wabunge haohao ndio wanaochagua maseneta.

Wanaotaka utaratibu huu ufutwe wana hoja nzito, kwani wapiga kura wachache ni rahisi kununuliwa. Machi 2019 tuhuma za rushwa katika uchaguzi wa maseneta zilizagaa kiasi kwamba Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuanza kazi kwao, na uchaguzi wa magavana ukaahirishwa.

Upande wa pili nao una lake. Penye kabila moja kubwa, kura ya moja kwa moja ingeweza kulipatia kabila hilo ugavana kila mara, ilhali bungeni hata kundi dogo hubembelezwa ili kura zitimie. Halafu aliyemchagua gavana ndiye anayeweza kumwangusha. Robo ya wabunge wakitia saini, hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya jimbo inapokelewa. Zinapita saa 48, kura inapigwa, na zaidi ya nusu ya wabunge wote wakiunga mkono, serikali imekwisha. Mwananchi wa kawaida angesubiri miaka 5.

Mimi nasimama na wanaotaka nguvu hiyo ibaki bungeni. Ila haina makali bila fedha, na hapa ndipo mjadala wetu unapopwaya. Kifungu cha 175 cha Katiba kinataka asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ibaki hukohuko, ikatwe papo hapo. Halijafanyika. Fedha zinakwenda kwanza Kinshasa, zinarudi pungufu na kwa kuchelewa. Mbunge akimuuliza waziri wa jimbo kwa nini barabara haijatengenezwa, anajibiwa kwamba fedha hazijafika, naye hana la kumbana nalo.

Lualaba, jimbo lenye madini mengi, hali ni tofauti. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, bila kupitia hazina kuu. Mbunge wa Kolwezi, makao makuu ya Lualaba, anaweza kudai kujua kampuni ipi imelipa kiasi gani na kimetumika wapi. Ni kweli pia kwamba gavana mwenye fedha ana cha kuwagawia wabunge, na hilo si la kupuuzwa. Lakini fedha inayoonekana inafuatilika.

Tena kura ya wananchi peke yake isingemlinda gavana. Marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yanamruhusu Rais kumwondoa gavana, au kulivunja bunge la jimbo, pakiwa na mgogoro mkubwa wa kisiasa usiokwisha. Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, magavana wanajeshi waliteuliwa na mabunge ya majimbo hayo yakasimamishwa. Gavana aliyechaguliwa na wananchi wote angeondoka vilevile, kwa amri hiyohiyo.