Gari bovu lisubiri taarifa, njia ya kiti mwendo isisubiri

Wapo wanaotaka kila mkazi wa Jiji la Tanga awe na njia rahisi ya kupeleka taarifa kwa simu: hapa gari limetelekezwa, pale mtaro hauna mfuniko, ofisi fulani ya umma ina ngazi tu, bila njia ya kiti mwendo. Wapo pia wanaohofia kwamba huo utakuwa mlango wa kuchongeana. Naona kila upande una haki yake, ila mambo mawili tofauti yamefungwa kwenye furushi moja.

Tuanze na magari. Gari lililolala pembeni ya barabara Ngamiani au Makorora linamsukuma mwenye miguu akatembee katikati ya bajaji na bodaboda. Mvua ikinyesha, matairi na bodi hushika maji, na mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda hasa maji ya namna hiyo. Tanga haihitaji kusimuliwa habari hizo; mwaka 2019 dengue iliingia hapa kama ilivyoingia Dar es Salaam. Watendaji wa mitaa ni wachache, hawawezi kuona kila uchochoro. Jicho la mkazi linahitajika.

Lakini si kila gari lisilotembea limetupwa. Lipo linalosubiri spea, lipo ambalo warithi hawajakubaliana, lipo ambalo mteja ameshindwa kumlipa fundi na fundi hana uwanja wa kuliweka. Likivutwa ghafla, gharama za kulikomboa zinaweza kumzidi mwenyewe. Na jirani mwenye kinyongo anajua kupiga picha kama mtu mwingine yeyote. Hofu hii naichukulia kwa uzito. Dawa yake ni utaratibu: tangazo libandikwe kwenye kioo, mwenyewe atafutwe kwa namba ya usajili kupitia kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA), apewe muda unaojulikana, ndipo livutwe.

Njia za watu wenye ulemavu ni habari nyingine kabisa. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Wajibu upo tayari, haungoji mlalamikaji. Tukisema jiji litarekebisha pale palipotolewa taarifa, tumembebesha mzigo yule yule aliyezuiwa. Asiyeona atapigaje picha ya shimo? Anayetumia kiti mwendo ataingiaje kulalamika kwenye ofisi yenye ngazi? Wenye simu nzuri na muda ndio watakaosikika, na mitaa yao ndiyo itakayotengenezwa kwanza.

Wanaotetea halmashauri husema fedha hazitoshi, na kwa majengo ya zamani nawaelewa. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili kinachotumika nchi nyingi, yaani kila sentimita moja ya kimo idai sentimita 12 za urefu, ngazi ya kimo cha sentimita 15 tu inadai mteremko wenye urefu wa mita 1.8, na baadhi ya vibaraza vyetu havina nafasi hiyo. Ila mtaro unaojengwa leo bila kivuko cha kiti mwendo hauna udhuru huo.

Kuna pia suala la nani ajibu. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; masoko na stendi ni vya halmashauri. Mkazi asilazimike kujua mipaka hiyo. Taarifa ipokelewe kwa mtendaji wa mtaa, iandikwe, na jibu lake lisomwe kwenye mkutano wa wakazi, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha hazijapatikana.

Kazi ya kwanza isingoje simu ya mtu. Mhandisi na watumiaji wa viti mwendo wapite pamoja njia ya kutoka kituo cha daladala hadi Hospitali ya Bombo, waandike kila kizuizi, na orodha hiyo iingizwe kwenye bajeti ijayo kabla ya gari hata moja kuvutwa.