Zeituni za Battir hazilipi. Kwa nini basi zinalimwa?

Mpeleke Battir mtu yeyote anayejua hesabu za kilimo, mpe kalamu na karatasi, na kabla jua halijazama atakuwa ameshauri watu waiache milima ile. Mji wenyewe ni mdogo, wa Wapalestina, upo Ukingo wa Magharibi unaokaliwa na Israel, magharibi ya Bethlehem, kilomita chache kusini-magharibi ya Jerusalem, juu ya bonde inamopita reli ya Jaffa hadi Jerusalem iliyofunguliwa 1892. Sensa ya Waingereza ya 1922 ilikuta watu 542. Sensa ya Palestina ya 2007 ilikuta 3,967. Rekodi za 1945 ziliipa Battir dunamu 8,028 kwa watu 1,050, na dunamu moja ni mita za mraba 1,000. Hiyo ni kama dunamu saba na nusu kwa kila mtu. Kufikia 2007, hata kama ardhi yote ingekuwa bado mikononi mwao, na haiko, kila mtu angepata mbili tu. Tena dunamu hizo ni ngazi za mawe zilizopachikwa mlimani, nyingine hazizidi upana wa chumba, na kila mzee akifa warithi huzigawana upya.

Wanaosema kilimo hiki hakilipi wana hoja, na ni haki isikilizwe vizuri.

Chukua siku ya kuchuma zeituni, Oktoba au Novemba. Tuseme mtu mmoja, kwa mkono na ngazi ya kupandia mtini, kwenye mteremko, anafikisha kilo 60. Zeituni hutoa mafuta kama asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake, kwa hiyo siku nzima imempa kilo 12 hadi 15 za mafuta, hata debe moja la kilo 16 halijai. Kwa shekeli 30 kwa kilo, hizo ni shekeli 360 hadi 450. Mashine ya kukamulia nayo inachukua chake, pesa taslimu au sehemu ya mafuta. Mpaka hapo siku hiyo inakaribia ujira wa siku moja ya ujenzi upande wa Israel, na mtu anaweza kusema si haba. Lakini kuchuma ni siku chache tu za mwaka. Kabla yake kuna kupogoa, na kuna kulima mara mbili au tatu kati ya masika ya baridi na mwanzo wa kiangazi, kwanza ili udongo unywe mvua, kisha ili vumbi la juu lizuie unyevu usipande. Trekta haipiti kwenye ngazi nyingi, hivyo ni nyumbu, punda au jembe la mkono. Halafu mzeituni wenyewe una tabia ya kuzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka unaofuata.

Gharama inayoua hesabu ni ukuta. Kuta za Battir hujengwa kwa mawe matupu, bila saruji, nazo hushindwa kwa njia moja ile ile. Ukuta mzuri una mawe makubwa chini, yamekaa juu ya mwamba, uso wake umelalia mlimani kidogo, na nyuma yake kuna kokoto zinazopitisha maji. Miaka ikipita, udongo laini hushuka na kuziba kokoto zile. Maji ya mvua yakikosa njia husukuma, ukuta unafura tumbo, na msimu mmoja wa mvua kali tumbo linapasuka. Pengo la mita mbili lisipozibwa mwaka huo, mwaka unaofuata ni mita tano, kwa sababu udongo uliotoka unaacha mawe ya pembeni bila mgongo. Wapo wanaoziba kwa saruji ili wamalize haraka, nao ndio wanaongeza balaa: saruji haipitishi maji, na shinikizo linahamia kwenye kipande jirani. Fundi mzoefu, mawe yakiwa karibu, hujenga mita mbili au tatu za mraba kwa siku, na kila mita ni kama tani moja ya mawe ya kunyanyua. Weka siku hizo zote kwenye bei ya debe uone.

Mizani hii ilizidi kuelemea upande mmoja kwa sababu ya kazi za Israel. Kabla ya Oktoba 2023 zaidi ya Wapalestina laki moja na nusu wa Ukingo wa Magharibi walifanya kazi huko na kwenye makazi ya walowezi, kwa ujira unaokaribia mara mbili ya ule wa nyumbani. Kijana aliyeshika nyundo ya fundi Jerusalem badala ya jembe la babu yake hakuwa mvivu wala msaliti.

Kuna na lawama juu ya heshima ya urithi. Juni 2014, kule Doha, UNESCO iliiingiza Battir kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia na papo hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, takriban hekta 349. Baraza la kimataifa la majengo ya kumbukumbu na maeneo ya kale, ICOMOS, lilikuwa limeshauri isiingizwe, na kamati ikaamua kinyume. Kwa familia inayotaka kumjengea mwana nyumba, orodha hiyo ni mkono wa pili shingoni. Chini ya makubaliano ya Oslo ya miaka ya 1990 kati ya Israel na Wapalestina, takriban robo tatu ya ardhi ya mji ni Eneo C, ambako kibali cha ujenzi kinatoka kwa jeshi la Israel na Mpalestina hakipati ila kwa nadra mno. Robo iliyobaki ni Eneo B, ambako ujenzi uko chini ya Mamlaka ya Palestina, na humo ndimo watu wote wanabanana.

Hesabu ya debe ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba inakichukulia kipande cha mlima kama shamba tu, na Ukingo wa Magharibi hakuna kipande kilicho shamba tu.

Sheria ya ardhi ya 1858 ya Waosmani, Waturuki waliotawala huko zamani, bado inatumika pale. Ardhi nyingi ya kilimo nje ya kijiji ni *miri*: mkulima ana haki ya kuitumia na kuirithisha, asili yake ni ya dola. Kifungu cha 68 kinasema ardhi ya namna hiyo ikiachwa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa, bila sababu inayokubalika, inaweza kurudi kwa dola. Kifungu cha 78 kinampa haki aliyeilima miaka kumi. Huko Istanbul ya karne ya 19, nia ilikuwa watu walime na kodi ipatikane. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Israel ilizuia makazi ya Elon Moreh yasijengwe juu ya ardhi binafsi iliyotwaliwa kwa amri ya kijeshi. Baada ya hapo serikali ikahamia njia nyingine: kutangaza ardhi isiyolimwa kuwa ya dola. Usajili wa hati ambao Wajordan, waliotawala huko hadi 1967, walikuwa wameuanza ulisimamishwa kwa amri ya kijeshi ya 1968, ukiwa umefika kama theluthi moja tu ya Ukingo wa Magharibi. Kwa waliobaki bila hati, ushahidi mkuu ni jembe, na shahidi wake ni picha iliyopigwa kutoka angani.

Kwenye mteremko wa mawe jambo linakaza zaidi. Katika utaratibu wa Israel, kipande chenye miamba kinahitaji angalau nusu yake iwe imelimwa ili mkulima atambuliwe. Mtu aliyepanda miti kwenye vifuko vya udongo kati ya miamba, kama babu zake walivyofanya sikuzote, anaweza kukuta picha inaonyesha asilimia 30 au 40. Basi miti yote, hata ile aliyoipogoa asubuhi hiyo, haimwokoi. Ukuta ulioporomoka unaiongeza sehemu ya mawe kwenye picha. Udongo ulioteremka bondeni ni asilimia iliyopotea. Hapo ndipo yule anayenyanyua tani ya mawe kwa ajili ya mti usiojaza debe anaanza kueleweka: analipa bima, na ada yake ni mgongo.

Battir ilikuwa na mazoea hayo zamani. Husimuliwa kwamba vita vya 1948 vilipowakimbiza wengi, wachache waliobaki na Hassan Mustafa, kiongozi wa mji, waliwasha mishumaa madirishani na kuanika nguo kambani ili mji uonekane una watu. Mwaka uliofuata mstari wa kusitisha vita kati ya Israel na Jordan ulipita karibu na reli, na wakazi wakakubaliwa kuendelea kulima mashamba ya ng'ambo kwa sharti kwamba treni isiguswe. Mwaka 2015 mpango wa Israel wa kupitisha ukuta wake wa utenganisho bondeni ulisimamishwa mahakamani, baada ya hata mamlaka ya hifadhi za asili ya Israel yenyewe kueleza kwamba ungeharibu ngazi na mfumo wa maji. Ngazi zilizokufa zingetetewa kwa hoja gani?

Mfumo huo wa maji nao ni kazi ya watu. Maji ya chemchemi hujaa birika la zamani, kina hupimwa kwa kijiti, na zamu huzunguka koo nane, ndiyo maana Battir husemwa kuwa na wiki ya siku nane. Humo ndimo biringanya maarufu za mji hunywa. Maji taka ya nyumba zinazoongezeka juu ya chemchemi, bila mabomba, ni tishio ambalo halikuletwa na jeshi wala mlowezi, na watetezi wa urithi hulisema kwa sauti ya chini mno.

Tena kukazia jembe kusitufanye tulitukuze kupita kiasi. Pesa za ujenzi wa Israel ndizo zilizolipia saruji, mbegu na siku za fundi katika kaya nyingi za Ukingo wa Magharibi, na vibali viliposimamishwa Oktoba 2023 mikono ilirudi nyumbani lakini mifuko ilikauka. Mwaka 2024 makazi mapya ya Nahal Heletz yaligawiwa eneo la takriban dunamu 600 ndani ya urithi huo huo, ambako orodha ya UNESCO haikuzuia kitu. Mei 2025 serikali ya Israel ikaamua kufufua usajili wa ardhi katika Eneo C, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayedai.

Kwa familia yenye watu wawili wa kufanya kazi na kuta kumi zilizofura, swali sasa ni waanze wapi. Daftari linasema waanze chini, kwenye ngazi za biringanya karibu na chemchemi, zinazolipa ndani ya msimu mmoja. Sheria inasema wapande juu, kwenye kipande cha mbali chenye miamba na miti minne, ambacho hakijaguswa tangu mwaka juzi.