Hilary Ng'weno na lawama za mwaka 1983

Kila historia ya uandishi wa habari nchini Kenya inaposimuliwa, Hilary Ng'weno, aliyefariki Julai 2021, hupewa heshima na lawama kwa pamoja. Husifiwa kwa Weekly Review, jarida alilolianzisha mwaka 1975. Hulaumiwa kwa kuwa mwaka 1983 aliliuza gazeti lake la Nairobi Times kwa chama tawala cha KANU, likageuzwa kuwa Kenya Times, na kwa kuwa baadaye jarida lake lilimwonea haya Rais Moi kupita kiasi. Lawama hizo zina msingi, ila wanaozitoa wengi huanzia hesabu katikati.

Kijana huyu wa Nairobi aliyesomea fizikia Harvard alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, katikati ya miaka ya 1960, na hakukaa sana akajiuzulu. Nation ilikuwa mali ya Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, na gazeti la Standard likaja kuwa la Lonrho, kampuni ya Uingereza. Ng'weno alitaka chombo kisichokuwa na tajiri nyuma yake.

Jarida lilikuwa na wiki chache tu sokoni mbunge J. M. Kariuki, mkosoaji wa serikali, alipotoweka na kuuawa, Machi 1975. Daily Nation ilichapisha kwamba yuko Zambia, ilhali mwili wake ulikuwa umeokotwa Ngong na kulazwa katika mochari ya jiji bila kutambuliwa. Weekly Review ilijijengea jina kwa kulichambua kwa kina suala ambalo watu waliogopa hata kulinong'ona. Anayemwita Ng'weno mwoga hana budi kuanzia hapo.

Kisha kuna suala la matangazo, ambalo wakosoaji hulipita mbio mno. Bei ya nakala hailipi karatasi, wino, mtambo wa kuchapa na mishahara ya mwisho wa mwezi. Kinacholipa ni matangazo, na katika Kenya ya wakati ule sehemu kubwa ya matangazo ilitoka serikalini na kwa mashirika ya umma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika hayo yaliamriwa kuyanyima matangazo machapisho ya Ng'weno. Adhabu ya aina hiyo haihitaji askari mlangoni wala hati ya mahakama, kwa hiyo hakuna wakili wa kuipinga na hakuna picha ya mhariri akiwa pingu mikononi. Kurasa hupungua, deni la mchapaji hukua, na msomaji hajui kilichotokea. Silaha hiyo haijazeeka: Machi 2024 serikali ya Kenya iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, pekee.

Wanaomlaumu wana ushahidi wao, tena mzito. Baada ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, jarida la Beyond lilifichua wizi wa kura, likapigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara nalo lilipigwa marufuku mwaka 1990. Watu hawa walithibitisha kwamba yapo yaliyoweza kusemwa, na gharama yake wakailipa kwa miili yao. Hata hivyo Beyond lilikuwa na baraza la makanisa nyuma yake. Ng'weno alikuwa na kampuni yake na wafanyakazi waliomtegemea.

Kuuza Nairobi Times kulilinusuru jarida, likaishi hadi 1999. Atakayetaka kujua leo nani aliangushwa katika jimbo gani mwaka 1983, au kikundi gani cha KANU kiligombana na kipi katika wilaya fulani, atayafunua matoleo yale yale, na watafiti wa siasa za Kenya huyanukuu hadi sasa. Kumbukumbu hiyo isingekuwapo kama mwenyewe angechagua kufa na gazeti lake.

Kwa hiyo lawama ya mwaka 1983 namwondolea kabisa. Ya miaka ya 1990 sithubutu kuyafuta yote, kwa sababu mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudi, magazeti mengine yameanza kuthubutu, na msomaji aliyemwamini tangu siku za Kariuki alistahili ukali zaidi kutoka kwake. Lakini wenzake wenye magazeti makubwa, waliomtazama akinyimwa matangazo bila kumtetea, nao wamo katika hesabu hii, na majina yao hayatajwi.